Mtalii wa Shauri Moyo

Wanafunzi kumi na wanne wa kigeni walimfuata kiongozi wao sokoni Gikomba kama vifaranga, kila mmoja na chupa yake ya maji. Wa kumi na tano alikuwa ameshapotea. Huyo alikuwa Subilaga, binti wa Tukuyu, Tanzania, aliyekuja Nairobi kusoma uchoraji wa majengo kwa mwaka mmoja. Kila Jumamosi chuo kiliwapakia wageni basini kuwatembeza: leo twiga, wiki ijayo makumbusho, baadaye ngoma za jukwaani. Subilaga alichoka kuuona mji kupitia kioo. Aliposikia nyundo zikigonga mabati upande wa Shauri Moyo, miguu ikamtoa kwenye msafara bila kumwomba ruhusa.

"Siste, chunga! Hiyo bati itakukata."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu, rangi ya buluu imemrukia mpaka kwenye kope. Mbele yake palipangwa masanduku ya wanafunzi wa bweni, mapya, yakimeremeta juani.

"Samahani kaka, nilikuwa natazama tu."

"Kutazama ni bure. Niaje? Naitwa Shiundu."

"Sijambo," akajibu Subilaga kwa adabu zote.

Shiundu akacheka. "Niaje ni salamu ya mtaa, haijibiwi hivyo."

"Inajibiwaje?"

Subilaga naye akaanza kucheka, gauni lake la njano likitikisika mabegani.

"Hivyo hivyo, kwa kicheko," akasema Shiundu. "Umepata."

Jamani, wapo watu wanaohitaji mwaka mzima kuzoeana! Hawa, basi la chuo lilipopiga honi, walikuwa wameshapeana namba za simu.

Kuanzia hapo Jumapili zikawa za Shiundu. Asubuhi simu ililia mapema. "Mtalii wangu, umeamka? Leo vaa viatu vya kutembea." Akampeleka mtaa wa Majengo kula viazi karai vya moto, ukwaju ukimchirizika Subilaga mpaka kwenye kiwiko. Wakasimama kando ya barabara kutazama waumini waliovaa kanzu nyeupe wakipita na ngoma na bendera, na Subilaga akajikuta anatembea nao hatua ishirini nzima, daftari lake la michoro kifuani. Siku hizo alitembea kama aliye usingizini, na wala hakutaka kuamshwa.

Jumapili moja walipanda mpaka juu ya gorofa moja mtaani Kware, nyumba alimopanga Kweyu, binamu yake Shiundu. Huko juu nguo za wapangaji wote zilianikwa kamba kwa kamba. Upepo ukazijaza shuka, zikawafunika, zikawafunua, na Nairobi yote ikalala chini yao katika mwanga laini wa saa kumi na moja jioni. Subilaga akachora. Shiundu akamtazama anavyochora.

"Ukirudi kwenu wakuulize uliona nini Nairobi, utasema?"

"Nitasema niliona shuka za watu."

"Na mimi?"

"Wewe nimeshakuchora, mpenzi. Umo humu." Akapiga daftari, akacheka.

Shiundu akacheka pia, lakini jibu lile lilimchoma. Twiga pia walikuwa mle daftarini. Alimpenda msichana huyu mpaka akaogopa, na alichoogopa ni kimoja: kwamba yeye ni ziara tu kama ziara nyingine.

Ilipobaki wiki moja Subilaga aondoke, mama yake Shiundu, Mama Ayuma, aliwaalika chakula cha mchana Shauri Moyo. Kuku wa kienyeji alitoka Kakamega kwa basi, mzima. Sasa sikiliza. Kwa watu wa magharibi mwa Kenya firigisi ni ya mwenye nyumba, au mgeni mwanamume wa heshima. Mwanamke hapewi. Lakini Mama Ayuma, mjane mwenye nyumba yake, aliichukua kwa mkono wake, akaiweka kwenye sahani ya Subilaga mbele ya shangazi wawili na binamu Kweyu. Kila mtu pale alielewa kuwa ametangaza: huyu ni wetu.

Kila mtu isipokuwa Subilaga. Kwao pia firigisi ilikuwa ya baba. Maskini, akadhani anapimwa adabu. Akaangaza mezani kumtafuta mkubwa, akamwona Kweyu na ndevu zenye mvi mbili tatu, akamhamishia firigisi kwa mikono miwili, goti likipinda kidogo.

"Karibu," akamwambia kwa sauti tamu.

Shangazi mmoja akaangusha kijiko. Msichana aliyekaribishwa kama mke anampa mwanamume mwingine firigisi! Kweyu akabaki ameitazama, hajui aile ama airudishe.

Shiundu alimsindikiza kituoni.

"Nimekosa nini, mpenzi?"

"Hujakosa. Mtalii hakosi."

Tangu hapo simu yake haikupatikana. Subilaga alipiga Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi, macho yamevimba, alikwenda mwenyewe kubisha mlango wa Mama Ayuma.

"Shikamoo mama. Naondoka Jumamosi. Nimeshindwa kuondoka bila kujua nilichofanya."

Mama Ayuma akamweleza, uso mkavu. Subilaga akashika kichwa. "Mungu wangu! Mama, kwetu msichana akila firigisi ataambiwa hakulelewa. Nilimpa mkubwa wenu!"

"Mkubwa nani? Kweyu?" Mama Ayuma akacheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akachukua simu, akampigia jirani yake Shiundu pale kazini. "Mpatie huyo kijana wangu… Wewe Shiundu! Weka nyundo chini uje. Hapana, mimi sina ugonjwa. Mgonjwa ni wewe."

Alifika akihema. Akasikiliza maelezo yote amesimama mlangoni.

"Kweyu ni mzee?" akauliza. "Ana thelathini na mbili!"

"Zile ndevu, jamani!"

Wakacheka, kisha Shiundu akaacha kucheka.

"Sawa, ya kuku imeisha. Lakini kesho kutwa unaenda, Subi. Niambie ukweli. Mimi ni mtu wako, ama ni mahali tu ulitembea?"

Subilaga alibonyeza simu yake, akaweka sauti kubwa.

"Baba? Kuna mtu hapa nataka mwongee."

Shiundu akafuta mikono kwenye suruali, utadhani simu itaiona. Neno ambalo pale mtaani ni nadra kusikika likamtoka kwa shida. "Shi… shikamoo, baba."

"Marahaba. Naongea na nani?"

Akamtazama Subilaga. Hakujua ameruhusiwa kusema nini. Subilaga akamshika mkono ule ule wenye rangi ya buluu.

"Naitwa Shiundu. Natengeneza masanduku huku Nairobi. Nampenda Subilaga."

Simuni ilisikika mvua tu, ikinyesha kwenye bati la Tukuyu.

"Subi, umesikia anachosema?"

"Nimesikia, baba."

"Na wewe unasemaje?"

"Na mimi nampenda. Nataka aje nyumbani."

Mzee akakohoa. "Habari za binti yangu siongei na vijana kwenye simu. Mwambie aje na wazazi wake."

Shiundu akafungua mdomo kujibu, lakini simu haikuwa tena mkononi mwa Subilaga. Mama Ayuma alikuwa ameshainyakua.

"Baba Subilaga, hamjambo huko? Mimi ndiye mama yake. Niambie tu, huko kwenu kuna baridi?"