Nyuma ya Uzio wa Kilima

Asubuhi za mtaa wetu zilianza kwa harufu ya mkate. Mke wa seremala alikuwa mwoka mikate, na tanuri lake lilikuwa uani, pembeni ya chumba cha mama mkwe wake. Ungewakuta wawili hao mapema, mmoja anachekecha unga, mwingine anakanda, wakicheka kwa jambo walilolijua wenyewe. Maji walichota kwenye chemchemi iliyo chini ya kilima, na juu ya kilima ulikuwepo msitu mzito ambao kivuli chake kilifika hadi kwenye mabati ya nyumba za mwisho. Seremala mwenyewe tulimwita Randa, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Neno lenye mikwaruzo likipita kwake lilitoka laini.

Mimi ni mshonaji, na dirisha langu linatazamana na mlango wao. Ninayowaeleza niliyaona. Nisiyoyaona nilielezwa na mke wa Randa, naye ndiye aliyeniruhusu kuyasema. Aliniambia, "Sema, ila usinipambe."

Basi siku moja gari jeupe likasimama karibu na chemchemi. Akashuka mwanamke wa kigeni mwenye kofia pana, ambaye tulikuja kumwita Bibi wa Mradi. Nyuma yake alikuwepo mratibu, mtu wa hapa hapa nchini, aliyevaa viatu vinavyong'aa kana kwamba havikukanyaga vumbi letu. Walisema wamepata msaada kutoka ng'ambo wa kuulinda msitu. Wangeleta miche, uzio na mishahara ya walinzi. Sisi wenyeji tukutane, tuchague kamati.

Jioni hiyo kinyozi wetu, ambaye kibanda chake ndicho bunge la mtaa, alisimamisha mkasi juu ya kichwa cha mteja na kusema, "Mtu avuke bahari aje kumwagilia mti wa mwenzake? Chini ya kile kilima kuna kitu. Kama si madini ni maji yenyewe. Mtakuja kuuziwa kwenye chupa."

"Na ukienda mkutanoni wanakuandika jina," akaongeza mteja.

Maneno yakasambaa. Siku ya mkutano viti vya kukodi vilipangwa mchana kweupe, kipaza sauti kikaita mpaka kikakwama, na watu wakachungulia kupitia mapazia. Randa alikwenda. Alirudi akiwa mwenyekiti wa kamati, maana kamati hiyo ilikuwa yeye, mratibu, na watu wawili waliokwenda kufuata soda.

Uzio ukajengwa kuzunguka kilima chote. Upande wa barabara ikapandwa miche kwa mistari, kila mche na kijiti chake, na bango kubwa likasimamishwa. Wageni walikuja, wakapiga picha mbele ya bango, wakaondoka. Walinzi walivaa vizibao vya kijani, na amri ikatoka kwamba mtu yeyote asiingie msituni, hata kuokota kuni kavu.

Kwa kinyozi tukaambiana, "Mnaona? Si tulisema?" Kila mkasa usiotarajiwa ukatafutiwa mgeni wa kulaumiwa. Ng'ombe wa jirani akitupa mimba, ni wale wazungu na dawa zao. Maji ya chemchemi yakipungua, ni wale wazungu na mabomba yao ya siri. Hakuna aliyemtilia shaka Randa. Angewezaje? Alikuwa wetu. Alitutengenezea vitanda tulivyolalia.

Aliyeanza kushtuka ni mkewe. Kuni za tanuri, ambazo zamani alizitafuta kwa jasho, sasa zililetwa na mumewe tele.

"Hizi zimetoka wapi, baba watoto?" alimuuliza.

"Masalia ya karakana."

"Masalia yenye magome mabichi?"

"Mke wangu, tanuri linataka kuni au linataka historia ya kuni?"

Mwanamke akacheka kidogo, akachochea moto. Mikate iliuzika, mabati ya nyumba yakabadilishwa, na alipotaka kuuliza tena aliona hana pa kuanzia. Lakini macho yake hayakutulia. Alianza kunusa mashati ya mumewe kabla ya kuyafua. Alitafuta marashi ya mwanamke mwingine, akakuta utomvu.

Mambo yalifumka siku walinzi walipomkamata mama yake Randa. Bikizee alipita kwenye tundu la uzio kutafuta majani ya dawa ya kifua, akarudi na kifurushi cha vijiti chini ya kwapa. Walimshusha hadi ofisi ya kamati, chumba kimoja chenye meza ambayo mwanawe alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake. Watu tukajaa mlangoni. Ikawa Mungu amempa Randa mtihani mbele ya macho yetu, na mratibu naye alikuwepo, ameketi pembeni, anatazama ukucha wake.

"Mama," Randa alisema, "sheria haina mama wala shangazi. Ukisamehewa wewe, kesho nitamzuia nani?"

Bikizee akamtazama. "Sikatai kosa, mwanangu. Nimeingia. Lakini nimevuka mgongo wa kilima nikaona upande wa pili. Ule si msitu tena. Ni visiki vitupu."

Mratibu akaacha ukucha.

"Mama amezeeka," Randa akatuambia sisi, si yeye, kwa sauti ile yake laini. "Macho yanamdanganya. Juzi aliita mbuzi akidhani ni mjukuu."

Baadhi yetu tukacheka. Bikizee aliweka vile vijiti mezani kimoja kimoja, akafunga kanga yake vizuri, akatoka. Mkwe wake alimshika mkono mpaka nyumbani. Walipofika uani alimuuliza, "Mama, ni kweli uliyoyaona?"

"Mkwe wangu, mimi nimemzaa. Unadhani ningependa iwe kweli?"

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa ya watu wanaosikilizana kupitia ukuta. Randa alihisi mke na mama wanamsema. Akitaka kuingia chumbani, anasimama kwanza nje ya mlango asikilize. Chai akiwekewa, anamwacha mkewe anywe kabla yake. Naye mkewe alihesabu mwenyewe kichwani: uzio unawazuia watu wa mtaa wasipande; barabara ya upande wa pili inashuka moja kwa moja hadi njia kuu bila kupita kwetu; walinzi wanalipwa na kamati; na kamati ni mumewe na yule mwenye viatu. Msaada ulioletwa kulinda miti ulikuwa umejenga pazia zuri la kuikatia.

Angeenda kumwambia nani? Mtaa ulimwona mke wa mkubwa. Walinzi walikuwa wa mumewe. Akangoja.

Bibi wa Mradi alipokuja tena na wageni, mke wa Randa alitakiwa kupeleka mikate. Aliipeleka. Akasikia Bibi akimuuliza jambo kwa lugha yake, na mratibu akatafsiri, "Anauliza kama mikate ina sukari."

Mke wa Randa akamjibu, "Mwambie hali ya kilima si nzuri."

Mratibu akatabasamu, akasema maneno marefu kwa ile lugha. Bibi naye akatabasamu, akainua kidole gumba kumsifia mkate.

Hapo ndipo mwanamke huyu alipofanya ambalo hakuna mwanamume wa mtaa wetu aliyelithubutu. Aliweka sinia chini, akamshika mgeni mkono kama unavyomshika wifi yako mnapokwenda sokoni, akaanza kupanda. Mratibu akasema huko kuna nyoka. Randa akaita, "Mama watoto, rudi." Hakugeuka. Walinzi langoni walitazamana. Kumzuia yeye wangeweza, lakini kumzuia mwenye mradi ni nani angethubutu? Wakafungua. Na sisi tuliokuwa tukichungulia, tukafuata.

Ndugu zangu, upande ule wa pili ulikuwa kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Visiki, maganda, alama za magurudumu ya malori, na udongo mwekundu uliopasuka. Kisiki kimoja kilikuwa bado kinatoka utomvu. Bibi wa Mradi akavua kofia. Akakaa juu ya kisiki.

Mke wa Randa akamuuliza kwa Kiswahili cha polepole, "Umekuja mara nyingi. Kwa nini hukuwahi kufika huku?"

Kumbe Kiswahili alikielewa kidogo. "Nilipewa picha," alijibu. "Picha zilikuwa nzuri."

"Zilikuwa za barabarani."

"Ndiyo," akasema. "Sikuuliza."

Mratibu hakuonekana tena. Tulisikia ana kazi kwenye mradi mwingine, mji mwingine. Kama ni kweli sijui, lakini sishangai. Randa alikamatwa na polisi karakanani kwake, akiwa ameketi katikati ya mbao za msitu wetu. Wafadhili walifunga mradi, wakaondoka na bango. Na mvua, ambazo hazikujua kesi inaendeleaje, zilikuja kama kawaida yake.

Kilima kiliporomoka mchana mmoja wa mvua hizo: mgongo wake, usio na mizizi tena ya kuushika, ukavunjikia upande wetu. Tulisikia mngurumo, tukadhani ni lori. Tope liliifukia chemchemi, likapita na karakana ya Randa na ukuta wa nyuma wa nyumba ya kinyozi. Mke wa Randa alikuwa kwenye tanuri. Alimbeba mama mkwe wake mgongoni, akavuka uani tope likiwa magotini, na hakumweka chini mpaka alipofika kwangu. Binti wa kinyozi tulimchimbua kwa masufuria na mikono. Yu hai, ila nyonga iliunga vibaya na mpaka leo anachechemea. Kinyozi alirudi kunyoa, lakini haongei tena akinyoa.

Bikizee alikwenda gerezani kumwona mwanawe. Nilimsindikiza. Randa alilia, akaanza kupanga maneno yake. Mama yake akamkatisha, "Usinilainishie. Niambie tu kama nina macho."

Randa akainamisha kichwa. "Unayo, mama."

"Basi. Hayo ndiyo niliyofuata."

FUNZO

Nyinyi mnaosoma haya, msiondoke mkisema kwamba misaada ya kigeni ni mibaya, wala msiondoke mkisema kwamba wageni ni wema ila sisi ndio wezi. Yote mawili ni kukimbia. Mgeni aliyetoa mali na kuridhika na picha alikosa. Mwenyeji aliyeuza kilima cha mama yake alikosa zaidi. Na sisi tuliobaki tulikuwa na shaka tele, ila tuliitumia kwenye kibanda cha kinyozi, ambako haikumgharimu mwizi kitu. Shaka si dhambi. Ipelekeni mkutanoni. Iketisheni kiti cha mbele, iulize kwa sauti: uzio huu unamzuia nani, na nani ana ufunguo? Mkiambiwa huko kuna nyoka, pandeni mkaone. Na anayewaombeni mcheke pale mzee anaposema alichokiona, mtazameni yeye kwanza. Msaada waweza kutoka popote, lakini ukishafika kilimani kwenu, kuulinda ni juu yenu, maana kilima kikiporomoka hakimwangukii aliyekwisha panda ndege.