Ndani ya Tangi

Mwaka wa 1971 rafiki yangu Waliaula alikuwa akimkimbiza mkewe, Nasambu, kutoka Luanda Kotieno hadi hospitali ya Kombewa akajifungue, gari likaanza tena ujinga wake: likiwa baridi linavuta vizuri, likipata moto linakosa nguvu. Plagi alishabadilisha, koili pia. Alishuka kwenye giza la mvua, hasira zimempanda, akilitukana.

“Matusi hayatanifikisha, Baba Lornah,” Nasambu alisema.

Waliaula akachomoa paipu ya petroli kwenye pampu, akaipuliza kwa nguvu kuzibua uchafu. Kule nyuma, kwenye tangi, petroli ikabubujika. Alipoacha kupuliza, mlio ule uliendelea. Halafu, paipu ikiwa bado mdomoni mwake, pumzi ya moto ikampiga kwenye ulimi, na huko tangini mtu akasonya.