Aliyekalia Madigadi

Faradji alipoteremsha jeki, gari halikusimama sawa. Liliinama mbele, upande wa kushoto, kiasi cha upana wa kiganja, kama kwamba mtu mnene amekalia madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, na hana mpango wa kushuka.

Lilikuwa gari dogo la michezo, jekundu, la viti viwili, mali ya Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa milimani. Kila Jumapili alilikimbiza kando ya ziwa, hadi siku alipogonga jiwe na kuuvunja mguu wa mbele, yaani lile bomba la amotisa lililovishwa springi, linaloshika gurudumu chini na bodi juu. Kifaa kipya kingetoka Ulaya kwa meli, na Mzungu hakuwa mtu wa kungoja. Alisimama katikati ya gereji na kusema kwamba kama Waswahili wa Gisenyi hawawezi kazi, atahakikisha mlango ule unafungwa.

Ndipo Munyaneza alipotoweka asubuhi moja na kurudi na mguu mzima ndani ya gunia. Yeye na Faradji walikuwa na gereji ile pamoja, nao walijuana tangu ujana wao wa kupakia malori.

"Umeutoa wapi?" Faradji aliuliza.

"Kwa mutu wa Goma. Donc, basi, funga tu."

Faradji akafunga. Alikaza nati za juu, akaweka raba mpya, akakaza bolti za chini. Na sasa gari limeinama.

Aliufungua mguu tena, akaisimamisha springi mezani kando ya ile ya kulia, aliyoifungua pia. Zililingana. Akarudisha, akashusha jeki, gari likainama vilevile. Aliweka kiganja juu ya madigadi ili asikie kama chuma kinagusana na chuma, akakiondoa upesi. Bati lilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri na gari lilikuwa ndani. Lilikuwa joto la kigoda alichokalia mtu akainuka sasa hivi. Na palikuwa na harufu ya manyoya ya mbuzi yaliyoungua.

"Munyaneza, njoo uguse hapa."

Munyaneza alikuwa mlangoni, amekunja mikono. "Mi siguse. Kazi yangu imekwisha."

"Ni mutu gani wa Goma alikupa hii?"

"We unaniuliza kama polisi. Unaona mi mwizi?"

Springi ikalia taratibu, kriii, kama mtu anayejigeuza kitini ili asikie vizuri. 

Nyumba ya Faradji ilikuwa nyuma ya gereji, katika ua mmoja. Mkewe, Saidati, alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya jiko akichambua maharage, na kutoka pale aliona gereji yote. Alivuka ua bila viatu, akamshika mumewe mkono wa shati.

"Baba Zuhura," alinong'ona, "gari imeinuka."

Faradji akageuka. Kweli, gari lilikuwa limesimama sawasawa, kama lilivyotoka kiwandani. Kwa kitambo kidogo alifurahi.

"Basi imekaa," alisema. "Springi ilikuwa ngumu tu."

"Hapana. Iko kitu kimeshuka. Nimeona gari inapanda, kisha benchi yangu ikashuka upande ule mwingine, pale pasipo na mutu. Nikasimama, nikangoja. Benchi ikanyooka."

"Kimeenda wapi?"

Saidati aligeuka. Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye mlango wa chumba, ambako Zuhura, mtoto wao wa kwanza kuishi baada ya wawili waliozikwa wachanga, alikuwa amelala peke yake.

Walifika mlangoni pamoja, wakakwama kizingitini. Mvua ilipiga bati, chumba kilikuwa na giza la mchana wa masika, ile harufu ya manyoya ilikuwa imewatangulia na kujaa hata kwenye shuka, na pale kitandani, kando ya mtoto, kamba za kitanda zilikuwa zikishuka moja baada ya nyingine, zikilia kama zinavyolia mtu mzima anapokaa polepole ili asimwamshe aliyelala, godoro likabonyea, shimo likapanuka, na Zuhura, bila kufumbua macho, akaanza kubingirika kuelekea kwenye lile shimo ambamo hapakuwa na mtu.

Saidati alijirusha, akamnyakua. Shavu la mtoto lilikuwa jekundu upande mmoja, kama la mtu aliyelala karibu na moto.

Faradji alirudi gereji, akamkamata Munyaneza ukosi wa shati. Hakupaza sauti.

"Ni mutoto wangu. Sema."

Munyaneza akasema. Nje ya Goma, juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na mlima, kulikuwa na gari la aina ileile lililoanguka zamani, likaachwa. Watu wa pale hawaligusi. Katika kiti cha dereva alikuta kitambaa cheupe na bakuli la maziwa.

"Na bakuli?"

"Nililipiga teke. Niliona ni upumbavu wa watu wa pori."

"Halafu ukaniletea mimi, penye mke wangu."

"Mi nilitaka gereji isifungwe," Munyaneza alisema, na jasho lilikuwa likimtoka ingawa kulikuwa na baridi.

Jirani mmoja alitumwa msikitini kumwita mwalimu Muhamadi. Alikuja amejifunika gunia kwa mvua, mzee mkavu asiye na maneno mengi. Alisimama kizingitini, akavuta pumzi puani, akaanza kusoma kabla hata ya kuvua viatu. Alipofika katikati ya aya, magoti ya Munyaneza yalikunjika na kichwa chake kikaanguka kifuani. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, kavu, kama jiwe linaloburutwa juu ya jiwe.

"Nilikuwa na kiti."

"Kitarudishwa," mwalimu alisema.

"Nimekwisha kuchagua kingine. Yule mudogo ni mwepesi. Nitakua naye."

Saidati alimkaza mtoto mgongoni kwa kanga, akafunga fundo la pili juu ya la kwanza.

"Mtoto si kiti," mwalimu alisema kwa utulivu. "Kitarudi kiti chako leo, kabla jua halijazama, kwa mikono ya aliyekichukua." Kisha akamgeukia Faradji. "Toa hicho chuma upesi."

Munyaneza alipozinduka hakukubali kuingia chini ya gari, hivyo aliingia Faradji. Alipandisha jeki, akatoa gurudumu, akaibana springi kwa vibano viwili vya skrubu ndefu, akizungusha huku na huku kidogo kidogo, maana springi iliyobanwa ikiponyoka huondoka na kichwa cha mtu. Mkono wake wote ulikuwa ndani, hadi begani, alipohisi lile joto likishuka juu ya madigadi. Gari likaja chini. Jeki ikaguna, skrubu moja ikaanza kupinda mbele ya macho yake, bati likamgusa bega, kisha likamkandamiza, naye alimsikia mwalimu akisoma kwa nguvu zaidi, na kadiri alivyosoma kwa nguvu ndivyo uzito ulivyoongezeka, kama kwamba aliyekaa juu alikuwa akiegemea mbele kumtazama Faradji usoni.

Kisha aliona miguu ya Saidati. Alikuwa amepiga magoti, mtoto mgongoni, na mbele yake aliweka bakuli la maziwa.

"Mwenye kiti," alisema kwa sauti ya mgeni mlangoni pa mtu, "tumekukosea. Uliondolewa bila hodi. Maziwa yako yalimwagika, haya hapa mengine. Kiti chako kinarudi leo. Muache baba wa huyu mutoto atoke."

Mwalimu aliacha kusoma. Yale maziwa yakatetemeka, duara ndani ya duara, ingawa hakuna aliyeyagusa. Bati likainuka kutoka begani kwa Faradji. Alifungua nati ya mwisho kwa vidole vilivyokufa ganzi, akatoka na mguu wa gari kifuani.

Lori la jirani liliwapeleka wanaume watatu ng'ambo ya mpaka, nje ya Goma. Mvua ilikuwa imekatika, na mawe meusi yalikuwa yakitoa moshi mwembamba wa unyevu. Munyaneza aliufunga mguu mahali pake katika lile gari bovu, Faradji akimpa spana moja moja bila neno. Mwalimu aliweka maziwa kitini. Faradji alitega sikio akingoja ile springi ilie, akingoja chuma kishuke kwa uzito wa mwenye kiti aliyerudi.

Haikulia. Gari bovu lilibaki lilivyo.

"Imekwisha?" Munyaneza aliuliza.

Faradji alimtazama mwalimu, na mwalimu alikuwa akimtazama Munyaneza.  Jua lilikuwa chini, na Faradji alitaka kurudi kwa mtoto wake.

Mzungu alilichukua gari lake juu ya lori, kwa matusi, na gereji ikafungwa kama alivyoahidi. Nyumbani kwa Faradji kitanda hakikulia tena. Ila Munyaneza alikonda, akaacha kutembelea watu, na siku moja akasema anahamia Kibuye kutafuta kazi. Faradji alimsindikiza hadi ufukweni, amembeba Zuhura.

Mtumbwi wa kwenda huko ulikuwa na vitunguu na abiria wachache. Munyaneza alipokaa, ubavu mmoja ulizama, maji yakaingia. Sebahire, mkuu wa mtumbwi, akamhamishia katikati, maji yakaingia. Akamhamishia nyuma. Wanawake wakaanza kuinua mizigo yao.

"Ndugu, shuka," Sebahire alisema.

"Mi ni mutu mumoja tu. Utazame nilivyokonda."

"Ninaona. We uko mwepesi." Sebahire alisema hivyo bila ukali, akiwa ameinamisha macho. "Shuka na huyo mwenzako."

Munyaneza hakuuliza mwenzake yupi. Alishuka, maji yakamfika magotini, na mtumbwi ukainuka. Alisimama pale akimwangalia Faradji, naye Faradji alijua kwamba neno lilikuwa lake kusema: njoo, ndugu, turudi nyumbani.

Zuhura alicheka. Alinyoosha mkono kuelekea majini, si kwa Munyaneza, bali kando yake, juu kidogo ya bega.

Faradji aliukunja mkono wa mtoto, akaufunika kwa kiganja chake, akapanda zake barabarani.