Uzio wa Karai la Alver

Boti ngeni ilifika kambini mvua ikinyesha. Mwanamke mwenye koti la njano aliruka kutoka ndani, akazama matopeni hadi magotini. Akacheka peke yake.

Alver alikuwa akipanga kuni. Hakucheka. Alimtazama dada yake, Lavinia, ambaye tayari alikuwa amemsukuma binti yake kibandani na kufunga mlango.

Ulikuwa mwezi wa Machi. Mto Nass, huko Kanada, ulikuwa umejaa ulikani, samaki wadogo wenye mafuta mengi, na familia za Wanisga'a, wenyeji wa mto huo, zilikuwa kambini. Samaki hulazwa shimoni siku kadhaa mpaka walainike. Kisha huchemshwa katika karai refu lililo juu ya moto, na mafuta huenguliwa. Mafuta ya Alver yalijulikana mto mzima kwa weupe wake.

"Mimi ni Rhonda, nesi mpya wa zahanati," mgeni alisema. "Ni Mgitxsan, jirani zenu wa kule juu milimani."

"Pole," Alver alijibu. "Ndiyo maana hujui kushuka kwenye boti."

"Kushuka sijui, lakini mafuta nayajua. Babu zangu walivuka milima kwa miguu kuyafuata. Mna chai?"

Kabla hajajibiwa, mtoto alilia kibandani.

"Ana mafua," Lavinia alisema haraka.

Mtoto alilia tena. Alver akainamisha kichwa. "Dada, fungua mlango."

"Nyamaza, kaka!"

"Mkono umeanza kunuka. Wewe unajua, na mimi najua. Fungua."

Corlene alikuwa na miaka mitano. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kilicholowa mafuta. Juzi alisogea karibu na karai ili aote moto. Aliteleza, na mkono ukaingia kwenye mchuzi unaochemka. Wakati huo Alver alikuwa amelipa karai mgongo, akitaniana na jirani. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mlinzi wake. Tangu juzi hakuweza kumtazama dada yake machoni.

Rhonda alifungua kitambaa taratibu. "Mlipaka nini?"

"Mafuta yetu," Lavinia alisema kwa sauti ndogo. "Ni dawa."

"Ni dawa kweli. Mimi nayanywa nikikohoa. Lakini kwenye ngozi iliyoungua yanafungia joto ndani. Mtu akiungua, mmwagieni maji ya baridi dakika ishirini. Msichote ya mto huu, Machi ni kama barafu, na barafu nayo inaumiza. Tumieni ya pipa. Kisha funikeni kwa kitambaa safi na mje zahanati siku hiyo hiyo."

"Nije uniandike?" Lavinia alimvuta mtoto kifuani. "Mama yangu alichukuliwa na watu wa serikali akiwa mdogo kuliko huyu. Wakiona mkono huu watasema mimi si mama. Watanichukulia mtoto."

Rhonda alikiweka kando kile kitambaa. "Siwezi kukuambia hawajawahi kuchukua watoto," alisema. "Bibi yangu naye alichukuliwa. Nitaandika kilichotokea: mtoto aliteleza, na mama yake akaja naye mwenyewe. Tukichelewa, vidole vitakauka vimejikunja. Hataweza kushika kisu cha samaki."

Alver alikuwa amesimama mlangoni. "Redioni walisema watu wetu wanaumia kuliko wengine. Nilizima. Niliona aibu, kama vile tumeambiwa sisi ni wazembe."

"Ungesikiliza hadi mwisho, Mjomba. Miaka inavyokwenda, majeraha yanapungua, kwao na kwetu. Lakini sisi bado tunaumia kuliko wao. Si kwa sababu ya damu yetu. Nyumba zetu ni mbovu, kazi zetu ni za hatari, hospitali iko mbali. Na tukiumia, tunajificha."

"Na karai halina uzio," Alver alisema.

"Na karai halina uzio."

Alver alipiga magoti mbele ya Corlene. "Nisamehe, mpwa wangu. Nakuahidi, moto hauwashwi tena mpaka nijenge uzio. Na wewe ndiye utakayefunga mlango wake."

"Kwa mkono upi?" mtoto aliuliza.



Boti iliondoka na Lavinia na mtoto. Kesho yake uzio ulisimama, mbao nene hadi kifuani, na tundu la kutilia kuni upande mmoja, na pipa la maji safi kando yake. Lakini Corlene hakurudi. Jeraha lilihitaji kusafishwa kila siku huko zahanati. Shimoni samaki walikuwa tayari, kisha wakapita kiasi. Samaki wakipita kiasi, mafuta hutoka meusi na makali.

Jirani yake, Mercer, alikuja ameziba pua. "Alver, samaki wako wananuka hadi baharini! Uzio umesimama. Unangoja nini?"

"Anayefunga mlango."

"Mtoto wa miaka mitano? Utapeleka nini kwenye karamu ya ukoo, lami?"

"Nitapeleka yatakayotoka."

Mercer alitikisa kichwa. Lakini kabla ya kuondoka aliuzunguka uzio, akautikisa, akapima urefu wake kwa mkono. Jioni hiyo nyundo ilisikika kambini kwake.

Hatimaye boti ilirudi. Corlene alishuka na mkono uliofungwa bendeji nyeupe. Vidole vilichungulia, na alivikunjua kimoja kimoja ili mjomba avione. Nesi alikuwa amesema vitanyooka vyote.

Mbele ya majirani, Alver alifunua shimo. Wengine waligeuza nyuso. Mtu mmoja alicheka. Masikio ya Alver yaliwaka kwa aibu, lakini alimimina samaki ndani ya karai, akatoka nje ya uzio, akamsubiri mtoto.

Corlene alisukuma mlango kwa bega. Kwa mkono wa kushoto alitia kitanzi cha kamba kwenye msumari, akakivuta kuona kama kimeshika.

"Tayari, Mjomba."

Alver akazunguka upande wa tundu la kuni, akawasha moto.