Jaketi Juu ya Sola

Maji yalikuja bila mvua. Ilikuwa imenyesha mbali, huko vilimani, lakini kwenye mto wa mchanga kati ya Ikutha na Kibwezi jua la asubuhi liliwaka kama kawaida. Kitheka alikuwa katikati ya mto na pikipiki yake ya petroli na gunia la ndengu. Nthiwa, mwenzake wa steji ya bodaboda, alishavuka na ile yake ya umeme. Alirudi mbio, akamshika Kitheka ukosi, akamvuta. Gogo lililobebwa na maji likamvunja Nthiwa mguu. Pikipiki ya petroli ikaenda na ndengu zake.

Mfupa ulikuwa nje na damu inaruka. Kitheka alimfunga paja kwa mpira wa mizigo, akakaza mpaka damu ikasimama.

"Chaji iko?"

"Imeisha. Si ni wewe ulitaka tushindane," Nthiwa alisema. "Tandaza sola."

Kitheka akaitoa ile sola ya kukunja kwenye pikipiki ya umeme, akaitandaza juu ya mawe, akaichomeka. Lakini wivu hauna adabu, jamani. Mtu ametolewa kwenye maji sasa hivi, na bado anakumbuka wateja waliokuwa wakimpita stejini, "Tunangoja Nthiwa," hata mamake mzazi, eti pikipiki ile haina kelele na mtu anapiga stori mpaka sokoni. Akaona kesho itakavyokuwa: Ikutha nzima ikisema waliokolewa na sola ya Nthiwa. Roho ikamuuma. Akavua jaketi lake lililolowa, akalianika juu ya sola. Linakauka tu, alijiambia. Likakauka, na hakulitoa.

Alichimba mchanga kandokando, akachota maji ya tope kwa kofia ngumu, akamnywesha mwenzake kivulini.

"Imeshika?"

"Bado. Hii kitu yako ni ya maonyesho."

Jua lilipofika utosini Nthiwa aliupapasa mguu wake. Kisha akasema, "Kitheka, mguu siusikii."

Vidole vilikuwa vimegeuka rangi ya majivu. Hapo ndipo Kitheka alipoogopa kweli. Akalinyakua jaketi, akaigeuza sola ilifuate jua, akasubiri huku akiomba. Taa ya chaji ilipopanda alishusha gunia la Nthiwa, akamfunga mgongoni kwa lile jaketi, akaondoka polepole mchangani. Pikipiki haikulalamika hata mara moja. Alisikia tu Nthiwa akihema shingoni mwake, mpaka hospitalini, upande wa Makueni.

"Mpira huu umefungwa tangu lini?" daktari aliuliza.

"Asubuhi."

"Mngekuja mapema mguu ungepona."

Waliukata jioni ile. Siku ya pili Nthiwa alifumbua macho.

"Pikipiki iko sawa?"

"Iko."

"Basi fanya nayo kazi. Yako ilienda na maji, na mimi sitaendesha tena. Uangalie tu watoto wangu wasilale njaa." Akampa ufunguo. "Bila wewe ningekufa pale, ndugu yangu."

Kitheka alikuwa ameitamani pikipiki ile mwaka mzima. Sasa ufunguo ulikuwa mkononi mwake, na hakuweza kuinuka kwenye kiti.