Mashine ya Mchumba wa Zamani

Mchoraji wa ramani za nyumba alikuwa akipenya katikati ya watu kwenye mtaa wa maduka ya umeme, kompyuta yake kuukuu ameikumbatia kifuani, gauni lake la rangi ya chungwa limeshaingia vumbi, pale mpita njia mwenye haraka alipompiga kikumbo. Mashine ikamponyoka. Ikadakwa na mikono miwili iliyochomoza kutoka nyuma ya meza ya fundi.

"Mgonjwa habebwi hivyo, dada," alisema mwenye mikono, kijana mrefu mwenye koti la bluu lililopauka na bisibisi juu ya sikio.

"Mgonjwa? Wenzako huko juu wameniambia ni maiti."

"Hao wana mpya za kuuza. Kaa kwanza."

Akaifungua palepale. Ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, ulikuwa umekufa. Vikopo vyake vidogo vya kutunzia umeme vimevimba vichwa na kuvuja. Diski, feni na vinginevyo vilikuwa vizima. Kununua mpya mwenye mashine hakutaka hata kusikia, maana printa yake kubwa ya ramani ilielewana na mashine hiyo tu.

"Basi tuitafutie pacha," fundi akasema. "Mashine kama hii, iliyoharibika kitu kingine. Tunahamisha ubao, na gharama yake ni ndogo kabisa."

Kutafuta pacha kukawa kisingizio cha simu. Asubuhi alipiga kusema hajapata, na jioni akapiga kusema bado hajapata.

"Kama hujapata, unanipigia ya nini?"

"Kukujulisha kwamba sijapata, Bi Ramani."

"Na kesho je?"

"Kesho nikikosa nakuja mwenyewe. Habari mbaya hazifai kwenye simu."

Alikuja kweli, amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi hadi mikono ikasimama. Akaja tena, na tena. Kabla ubao haujapatikana wakawa wanakula mchana pamoja, na mama yake Bi Ramani akaanza kuuliza kama yule fundi ana ndugu wangapi, kwa sauti ya mtu ambaye hataki kujua chochote.

Siku ubao ulipopatikana, fundi alikuja kuufunga ofisini kwa Bi Ramani, naye akauliza umetoka wapi.

"Kwa mtu mmoja," fundi akajibu, akaendelea kukaza skrubu.

Kioo kikawaka. Ramani zake zote zikajipanga mbele ya macho yake, naye akamrukia fundi shingoni. Fundi akaenda uani kunawa, na nyuma yake simu yake ikaita juu ya meza. Akidhani ni mteja, Bi Ramani akaipokea, akasema haloo.

"Imewaka?" iliuliza sauti laini ya kike. "Utunze huo ubao, mpenzi. Usisahau mashine ulikotoka tuliinunua wote wawili, tukipanga maisha."

Fundi aliporudi akijifuta mikono, alimkuta Bi Ramani ameketi, simu iko mapajani.

"Huyo mtu mmoja," Bi Ramani akasema, "anakuita mpenzi."

Fundi akashusha pumzi. "Alikuwa mchumba wangu. Muuguzi wa zahanati ile ya sokoni. Tuliachana kabla sijakujua."

"Na hilo lilikushinda kusema?"

"Ningesema usingeukubali ubao."

"Kwa hiyo ukanichagulia. Ukaniletea moyo wa mwanamke wako, ukaupachika kwenye mashine yangu, ukakaa kimya. Utoe."

"Una kazi za watu, kipenzi."

"Nimesema utoe."

Akautoa, skrubu baada ya skrubu, akauzungushia gazeti na kuondoka nao. Mlango ulipofungwa, Bi Ramani akalia kwa hasira.

Wivu ukamshika. Hakujibu simu za fundi. Akila, anawaona wale wawili dukani wakichagua kompyuta, mkono wa mwanamke umelala begani kwa fundi. Mwisho akashindwa. Akavaa gauni la kijani linalomkaa vizuri kuliko yote, akajipaka wanja, akaenda zahanati kuumwa kichwa ambacho hakikuwa kinamuuma.

Muuguzi alikuwa mzuri, na hilo lilimuuma kweli. Sare nyeupe, nywele zimesukwa kwa nyuma, vidole vyepesi vikimfunga kipimo cha presha mkononi.

"Imepanda," muuguzi akasema. Akamtazama gauni, akamtazama wanja. "Ndiwe wa ramani?"

Bi Ramani akaitikia kwa kichwa.

"Sauti yako nilitaka kuisikia ndiyo maana nikapiga. Nilijua siku hiyo atakuwa kwako." Alikuwa akifungua kipimo polepole, macho chini. "Alikuja kuiomba ile mashine, ilikuwa imeungua upande wa umeme tu, nikamkatalia. Alipokuja tena akaniambia ni ya mwanamke anayempenda, mchora ramani. Nikampa. Kisha ikaniuma. Nilimwacha mimi mwenyewe, dada, lakini nilitaka na wewe ulale vibaya kama mimi."

"Nimelala vibaya."

"Basi nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe," Bi Ramani akasema, akainuka. "Lakini asante kwa kusema."

Akiwa bado kwenye ngazi za zahanati, akapiga simu.

"Ubao uko wapi?"

"Kwenye begi," fundi akajibu upesi. "Natembea nao kila siku. Nilijua ukipiga utakuwa na haraka."

"Sina haraka. Nina hasira."

"Nakuja hivyo hivyo."

Alimkuta ofisini. Akapiga magoti mbele ya mashine, akaanza kufunga ubao, naye Bi Ramani akashika tochi ingawa dirishani kulikuwa na mwanga wa kutosha.

"Ulimpenda?"

Bisibisi ikasimama. "Nilimpenda."

Jibu lilimchoma, akaliacha limchome. "Na kwa nini hukuniambia hivyo tangu mwanzo?"

"Nilipaswa kukuambia. Niliogopa kukukosa."

"Nisikilize. Mimi ni mwenye wivu, na sitabadilika. Ukiazima kwake hata sindano, nijue kabla hujafika mlangoni kwake. Nikinuna, ninune kwa jambo ninalolijua."

"Nakubali."

"Haya, utanioa au tutaendelea kutengenezana kompyuta?"

Fundi akainuka haraka mno, kichwa kikagonga ukingo wa meza. Akajishika, huku anacheka.

"Kesho nakuja kuzungumza na mama."

"Mama anatoka mapema. Wahi," akasema Bi Ramani, akamvuta karibu kukitazama kichwa kilichoumia.