Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Maiti ya Kinoti, mtahini wa madereva wa malori, ilikutwa imeegemea gurudumu la mbele la lori la majaribio, kando ya barabara ya Bura. Kisogo kimepasuka. Mifuko imepinduliwa, saa na viatu havipo.

"Shifta," alisema kapteni wa doria, akimaanisha waasi wa Kisomali, hata kabla hajashuka kwenye gari lake. "Manyatta ya karibu ndiyo inayowaficha. Alasiri nawakusanya ngamia wao wote."

Inspekta Murithi aliinama juu ya maiti. Kinoti alikuwa Mmeru mwenzake, wamekula pamoja juzi tu, naye alitaka muuaji apatikane haraka. Lakini ngamia wakichukuliwa, watoto wa wafugaji wa manyatta ile wangelala na njaa mwaka huo wa sitini na sita, na mvua yenyewe ilikuwa imekataa kunyesha. Akazunguka lori polepole.

Hapakuwa na tundu hata moja la risasi. Hendeli ya kuwashia injini ilikuwa na damu na nywele. Na nyuma ya gurudumu la nyuma palikuwa na jiwe, limebanwa vizuri, ilhali uwanja ule ulikuwa tambarare kama meza.

"Konstebo Alio, jiwe hili kazi yake nini?"

"La taniboi hilo, afande. Lori likisimama tu, huyo msaidizi wa dereva anaruka na jiwe. Breki za huku haziaminiki."

"Shifta huweka jiwe?"

Alio, mzaliwa wa Garissa, alikaribia kucheka, akajizuia. "Shifta aweke jiwe la nini, afande? Ana haraka zake."

Asubuhi ile Kinoti alikuwa amewatahini watu wawili, mmoja mmoja, wote wakitafuta leseni ya lori. Wa kwanza Keynan, kijana mwenye mdomo mrefu, aliyeanguka mtihani na kuapa mbele ya watu kwamba Kinoti atamtambua. Wa pili Olow, mtu mzima mwenye mvi ndevuni. Wote waliwahi kuwa mataniboi. Mji mzima ulikuwa umeshamhukumu Keynan.

Murithi aliwaita kituoni, na lori likaletwa uani.

"Endesha mpaka getini, urudi, usimame hapa," alimwambia Keynan.

Keynan aliikwaruza gia mpaka askari wakaziba masikio. Akasimamisha, akavuta breki ya mkono, akaruka chini na kukunja mikono.

"Mimi sikumuua! Kutukana ni kuua?"

"Kaa pale. Mzee Olow, zamu yako."

Loo, mtu yule alijua lori! Liliondoka bila mtikisiko, likageuka padogo, likarudi likinguruma kwa upole. Murithi alitazama, asipende alichokuwa akikingojea. Olow akazima injini, akashuka, akaokota jiwe kando ya ukuta, akainama kulibana nyuma ya gurudumu. Mikono ilifanya kazi, yeye mwenyewe hayupo. Alipoinuka akamwona inspekta anavyomtazama, naye akalitazama lile jiwe.

"Kule barabara ya Bura pia uliweka," alisema Murithi.

"Kila taniboi anaweka."

"Kweli. Na jiwe peke yake halimfungi mtu. Lakini kapteni anajiandaa kuwachukua ngamia wa manyatta, kwa sababu aliyeua alitaka tuseme ni shifta. Niambie ni wao, nami nimwache kapteni aende."

Olow alilisukuma lile jiwe kwa mguu. Alio akamsogelea, akamwita ami kwa Kisomali, taratibu, "Adeer, kuna watoto kule."

"Najua kuna watoto!" Olow alifoka, kisha sauti ikamwishia. "Si shifta, wallahi. Ni mimi. Saa na fiatu yake nimefukia kwa mchanga."

"Kwa nini, mzee?"

"Dereva yangu alikufa kwa bomu ya barabara, njia ya Wajir. Mimi nikashika usukani, nikaleta majeruhi mpaka hospitali, askari ya serikali ndani yao. Tajiri mwenye gari akasema, Olow, leta leseni, gari ni yako. Nikaenda kwa Kinoti. Nikaenda tena na tena. Kila mara anasema, umepita, lakini Msomali na lori siku hizi ni shifta na magurudumu, rudi vita ikiisha. Leo nikamwambia tajiri amechoka, anatafuta mtu wa bara. Akacheka. Akashuka kuangalia tairi, bado anacheka. Hendeli ilikuwa mkononi yangu."

Murithi aliona aibu kwa ajili ya marehemu, akamwonea uchungu vilevile, vyote kwa pamoja. Akamtuma Alio mbio kwa kapteni azuie safari ile.

"Ngamia watabaki?" Olow aliuliza.

"Watabaki."

"Alhamdulillahi." Akanyoosha mikono mwenyewe. Pingu zilipofungwa, akageuza uso kulitazama lori.

"Afande, kuendesha kwangu leo ulikuona. Nimepita?"

Murithi alijua atasimama mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya mtu huyu, na alijua kamba inayomngoja.

"Umepita, mzee," alisema, akamshika mkono, wakaingia ndani.